Mtani wa Bweni la Tatu

Chuo cha Ualimu, Njia ya Pugu,
Dar es Salaam.
14 Februari 1953

Dada Tunu,

Shikamoo dada. Huku wote wazima, na wazima wa kweli, si ule wa kuandikia barua. Mama hajambo. Jumapili nilimwendea Chanika nikamkuta anapalilia mihogo, mgongo unamwuma lakini mdomo mzima. Anakuuliza lini utamletea mjukuu amwone, maana anasema Tabora si ahera, watu huenda wakarudi. Nami namwambia akuulize mwenyewe, mimi si posta.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Mdogo wako nimekuwa mkubwa. Wanafunzi wa mwaka wa pili tuliitwa kwa Bwana Mkuu mmoja mmoja, na mimi nimepewa ukiranja wa bweni la tatu. Usicheke. Nina watu ishirini na wanane chini yangu, wengine wana ndevu kunishinda. Nalala peke yangu katika kijichumba kando ya mlango, kina dirisha na msumari wa kutundikia kanzu. Asubuhi napiga kengele, naita majina, natazama vitanda, nagawa zamu za kufagia. Watu wakigombana nawaamua. Mwalimu si mwalimu, mwanafunzi si mwanafunzi; niko katikati kama nyama ya sambusa.

Kazi kubwa kuliko zote ni daftari la wagonjwa. Kila asubuhi kabla ya paredi napita kitanda kwa kitanda. Anayeumwa ananiambia, nami nikiona ni kweli namwandika, ndipo anaruhusiwa kwenda kwa dresa wa zahanati. Asiyeandikwa, hata ampelekee dresa kichwa chake mkononi, atarudishwa.

Shemeji Mlekwa, mdogo wa mumeo, amefika salama. Alishuka kwenye gari la moshi na kikapu cha karanga na chupa ya asali, akaingia bwenini, akauliza mbele ya watu wote, "Kiranja ndiye huyu Mzaramo? Jamani, tumekwisha, tutaamshwa kwa ngoma." Bweni zima likaanguka kwa kicheko. Akachagua kitanda cha kwanza karibu na mlango wangu. Kesho yake napita na daftari, namkuta amejifunika shuka gubigubi, mikono kifuani, na wenzake wawili wanamlilia. Nauliza kuna nini. Anasema humo humo ndani ya shuka, "Nimekufa. Mtani amefika, aanze kuchimba." Nikamwambia ardhi ya huku ni ya mchanga, Mnyamwezi haoti.

Mwambie Bibi asiwe na wasiwasi. Yuko mkononi mwangu.

Mimi mdogo wako,
Mfaume


Tabora,
9 Machi 1953

Mdogo wangu Mfaume,

Marahaba, kiranja mzima. Barua yako imenikuta na unga mikononi, nikaisoma nimesimama. Mpwa wako Somoe ameota meno mawili na anauma kila kitu mpaka mguu wa kiti. Shemeji yako hajambo, kazi yake relini ni ile ile, anarudi mweusi kwa makaa na kunidai maji ya moto. Mvua zimekuwa haba. Mimi mzima.

Nilimsomea Bibi Nyamizi barua yako mara tatu. Unamjua Bibi: tangu baba na mama wa shemeji yako wafe kwa ndui, ni yeye aliyewalea hawa wajukuu wawili, na Mlekwa alimpokea angali ananyonya. Hajui kusoma, lakini masikio yake ni ya paka. Ameniambia niandike maneno yake kama yalivyo, nisitie sukari. Basi haya: "Mwambie huyo mla mihogo kwamba mjukuu wangu akirudi amekonda, nitapanda gari la moshi mwenyewe nije nimchape kwa mwiko mbele ya hao watu wake ishirini na wanane. Na mwambie akifa yeye kwanza, kanzu yake ni yangu." Mimi nami ananiita mateka wake wa vita tangu siku niliyoolewa, na chumvi ikizidi kwenye mboga anauliza kama Wazaramo hupikia maji ya bahari. Siku asiponitukana hujiuliza kama anaumwa.

Lakini sikiliza na hili, maana alilisema bila kucheka. Watu hapa walimshangaa: shule za Tabora zimejaa, kwa nini mtoto apelekwe pwani? Alijibu, "Huko kuna mtani. Ndugu atakuonea haya, mtani hakuonei haya wala hakuachi." Ndiyo sababu alimruhusu.

Sasa la kwangu, na hili usimwambie Mlekwa. Bibi amemdekeza mno. Tangu utoto siku ya jembe anaumwa tumbo, jua likipanda tumbo linapona. Mimi mwenyewe nimempikia uji wa mgonjwa zaidi ya mara kumi, na mara zote kumi nikamkuta juu ya mwembe. Nataka arudi mwalimu, si mtoto wa bibi. Akilala siku ya jembe usimwandike. Ukimwandika mara moja amekukalia kichwani. Mimi nimemlea, namjua.

Nisalimie Mama, mwambie baada ya mavuno nitakuja na mtoto.

Dada yako,
Tunu


Chuo cha Ualimu, Njia ya Pugu,
27 Aprili 1953

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini meno ya mpwa wangu yamefika manne na miguu ya viti ingalipo. Huku masika yametukamata. Njia ya kutoka Gongo la Mboto imekuwa tope tupu, lori la chuo lilikwama siku mbili. Mama anakusalimu, kuku wake watatu wamechukuliwa na fungo.

Dada, wewe ni mtabiri. Barua yako ilichelewa, na kabla haijafika nilikwisha mwandika Mlekwa mara mbili. Mara ya pili Bwana Mkuu alipita uwanjani alasiri akamkuta huyo mgonjwa wangu anacheza mpira, tena kafunga bao. Niliitwa. Bwana Mkuu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba daftari ni la wagonjwa, si la rafiki. Bwenini nako maneno yameanza. Kuna mtu mmoja anaitwa Revelian, kutoka Bukoba, mtu mpole wala si mchokozi, alinijia kiungwana akaniambia, "Kiranja, sie wengine hatuna watani hapa. Nasi tukiumwa utatuandika?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi maneno yako nimeyashika. Jumamosi ndiyo siku ya jembe, tunalima shamba la chuo la mihogo na mpunga. Juzi alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Kidonda kidogo. Amekifunga kwa kipande cha kanga, anasema ni kanga yako uliyomfungia karanga. Asubuhi hii akanyoosha mguu mbele yangu, akalia kwa sauti kama ya mama wa marehemu, "Mtani, niandike, naenda." Nikamwambia kwa kidonda hicho hata kuku hafi. Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Sikumwandika.

Usiogope lakini, sisi wawili hatujagombana. Jioni huja kijichumbani kwangu, tunatafuna karanga zake, ananieleza atakavyojenga nyumba ya bati kwa Bibi, yenye baraza, ili Bibi akae awatukane wapita njia akiwa kivulini. Nampenda huyu kijana, dada. Nakuandikia wewe tu, yeye simwambii, asije akapata la kunichekea.

Mdogo wako,
Mfaume


Tabora,
20 Mei 1953

Mfaume,

Sijui nianze na salamu gani. Ramadhani imetukuta tumekaa matangani.

Simu ililetwa na mtu wa posta siku ya Jumatano. Shemeji yako aliisoma akaikunja, akaenda akakaa ukumbini, mpaka Bibi alipomwuliza, "Ni Mlekwa?" Hatujui Bibi alijuaje. Simu ilisema amefariki Jumatatu, tarehe kumi na moja, na amezikwa. Maneno yenyewe hayakuzidi hayo. Shemeji yako alitaka kupanda gari la siku ile, wazee wakamwuliza anakwenda kuzika nini na mtu amekwisha zikwa.

Nimekuwa nikisubiri barua yako. Nilisema kesho itakuja, kesho itakuja. Mfaume, wewe ulikuwa naye chumba na chumba. Mtu aliyekuwa analia utani mwezi uliopita, anakufaje? Bibi hali kitu ila maji ya futari. Hajalia. Anauliza maneno mawili tu, kutwa kucha: nani alimshika kichwa, na alisema nini mwisho.

Tuandikie. Lolote lile, tuandikie.

Tunu


Chuo cha Ualimu, Njia ya Pugu,
16 Juni 1953

Dada Tunu,

Shikamoo. Poleni sana kwa msiba mkubwa uliotufika. Idd imepita, sikwenda popote. Mama amelia sana, anakupa pole, na anampa pole Bibi na shemeji.

Marehemu alipatwa na homa kali ya ghafla. Alipelekwa kwa lori kuelekea hospitali ya mjini, lakini siku zake zilikuwa zimefika. Alizikwa alasiri ile ile katika makaburi ya Waislamu hapa Gongo la Mboto, alioshwa vizuri, sanda ilikuwa mpya, watu walikuwa wengi. Mwambieni Bibi kwamba mimi ndiye niliyemshika kichwa. Mwisho hakusema kitu, alikuwa hawezi tena kusema.

Ni mapenzi ya Mungu, nasi hatuna budi kushukuru. Vitu vyake nimevifunga katika sanduku lake, nitavituma kwa gari la moshi.

Nduguyo,
Mfaume


Tabora,
12 Julai 1953

Mdogo wangu,

Sisi tunaendelea. Arobaini ilisomwa, Wazaramo wa hapa Tabora walikuja watani wote, wakamtukana marehemu wakalia. Mmoja alijitupa mkekani kwa Bibi akasema hatoki mpaka alipwe kuku, kwa kuwa marehemu alimwahidi kufa wa pili. Bibi alimpiga kwa kanga, ndipo akalia kwa mara ya kwanza. Tulishukuru sana kwamba amelia. Somoe anasimama sasa, akishika ukuta.

Sanduku limefika. Asante.

Nataka nikuambie jambo, na usinikasirikie. Barua yako nilimsomea Bibi. Nilipomaliza akasema, "Endelea." Nikamwambia imekwisha. Akasema, "Soma tena." Nikaisoma tena. Kisha akaniuliza, "Matusi yako wapi?" Nikamwambia Bibi, mtu ana huzuni. Akasema, "Wewe mtoto. Mimi nimezika mume na watoto wanne, na kila kaburi lilichimbwa na mtani anayenicheka. Huyu amemzika mjukuu wangu, tena ni mtani wa ndani, hakunidai hata jogoo? Hakumtukana hata sanda yake? Mtani asiyetania msibani ana deni kwa maiti. Mwandikie aseme."

Ndivyo alivyosema. Nami nimeisoma tena peke yangu jikoni, nikaona kweli. Ile si barua yako, Mfaume. Wewe huwezi kuandika mistari mitatu usimseme mtu. Ni barua ya karani.

Kuna nini? Mimi ni dada yako, tumelala mkeka mmoja. Niambie.

Tunu


Chuo cha Ualimu, Njia ya Pugu,
2 Agosti 1953

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo. Nimeianza barua hii mara nne.

Jumamosi, tarehe tisa Mei, ilikuwa siku ya jembe. Nilipita na daftari. Mlekwa alikuwa amekaa juu ya kitanda, hakujifunika, hakulia ule mlio wake. Akaniambia kwa meno yaliyofungana, "Mtani, taya limekaza. Shingo pia." Maneno yalitoka yamebanwa kama ya mtu aliyeng'ata kijiti. Bwana Mkuu wetu naye husema hivyo hivyo, mdomo haufunguki, na wiki nzima Mlekwa alikuwa amewavunja watu mbavu kwa kumwigiza. Nikajua anamwigiza. Bweni zima lilijua hivyo, lilikuwa limekwisha anza kucheka. Nikamjibu kwa sauti ile ile ya Bwana Mkuu, meno yamefungwa, "Daftari ni la wagonjwa." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Yeye hakucheka. Akanishika mkono wa kanzu akasema, "Mzaramo, safari hii kweli. Chimba."

Dada, neno hilo alikuwa ameniambia mara ngapi? Tangu siku ya kwanza, kila asubuhi, chimba, chimba. Nikamwambia, "Nitachimba nikitoka kulima." Nikaandika katika daftari, kwa mkono wangu, maana yule anayekataliwa naye huandikwa: *Mlekwa: mzima, utani tu.* Naye akainuka, akachukua jembe, akaenda shamba. Alilima mstari wake wote. Nilimwona anakunywa maji yanamwagikia kifuani, nikasema moyoni, angalia mtu anavyojua kuigiza.

Jumapili nilikuwa na ruhusa, nikaenda Chanika kwa Mama. Mama akaniuliza habari za mtani wake, nikamwambia mzima, anajifanya bubu sasa. Akacheka, akang'oa mihogo sita mizuri akaifunga kwa kamba. Akasema, "Mpelekee mkwe wangu, mwambie hiki ndicho chakula kinachofungua mdomo."

Nililala huko, nikarudi Jumatatu asubuhi kwa miguu na mihogo begani, njiani nikitunga jinsi nitakavyoingia nayo bwenini. Niliingia nikiimba. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamesimama kukizunguka kitanda chake. Mgongo wake ulikuwa umepinda juu kama upinde, ameegemea visigino na kisogo tu. Revelian alikuwa amemshika miguu, analia. Jumapili kutwa hakuweza kula, hakuweza kunywa, na daftari halipitishwi Jumapili, na kiranja hayupo. Revelian alikwenda kwa dresa akarudishwa, jina halimo.

Dresa alikuja sasa mbio. Alipofungua kile kitambaa cha kanga yako mguuni akaniuliza kidonda hiki kina siku ngapi. Nikasema wiki mbili. Akasema ni pepopunda, ingalikuwa Jumamosi labda. Akasema *labda*, dada. Neno hilo nalala nalo.

Tulimpakia kwenye lori. Ni kweli nilimshika kichwa, hilo sikudanganya, nilikiweka mapajani tangu chuoni. Lakini uso wake ulikuwa unacheka. Ndio ugonjwa wenyewe, dresa alisema, hukaza mashavu yakavutika. Mimi nikawa namtazama, sijui ananicheka au ananililia. Nilimwambia, "Mtani, nisamehe." Macho yalinitazama tu. Hatujafika Ukonga alikata pumzi, lori likageuza.

Wazaramo wa Gongo la Mboto waliposikia maiti ni Mnyamwezi walikuja na utani wao. Walisema mpagazi ametua mzigo, nani ataubeba. Waligeuka wakanitazama, maana walisikia mimi ndiye mtani wake wa chuo, nianze mimi, nimwigize jinsi alivyokuwa akisema. Nilirudi nyuma ya watu. Ningemwigiza anasema nini?

Bwana Mkuu alilisoma daftari. Akauliza utani maana yake nini, nikashindwa kumweleza. Mwishowe akasema nimefuata sheria, sina kosa. Nilimwomba anivue ukiranja, akakataa, akasema kiranja mzuri ni yule anayejua kukataa. Kila asubuhi mpaka leo napita na daftari, na kitanda cha kwanza ni kile. Sasa namwandika kila mtu. Akikohoa namwandika. Dresa amenishtaki.

Maneno yako ya Machi niliyashika, lakini silisemi hili kukutwisha wewe. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nilikuwa mbele yake na nilimsikia.

Msomee Bibi. Yote.

Mfaume


Chuo cha Ualimu, Njia ya Pugu,
27 Septemba 1953

Dada Tunu,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Agosti ilifika. Nimemwuliza mtu wa posta mpaka ananikimbia. Mama naye anauliza kwa nini umenyamaza. Kama Bibi amenilaani, niandikie laana yenyewe, nitaipokea. Kimya siwezi.

Mfaume


Tabora,
8 Novemba 1953

Mdogo wangu Mfaume,

Marahaba. Nisamehe kwa kukuacha. Somoe anatembea, alianguka akapasuka mdomo, amepona. Shemeji yako ameisoma barua yako mwenyewe, akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka jua likamwacha. Aliporudi alisema tu, "Mfaume alimshika kichwa." Hana kinyongo nawe, hilo naweza kukuapia.

Barua yako ilifika katikati ya Agosti. Nilikaa nayo wiki moja kwenye pindo la kanga, sikuweza. Kisha nilimkalisha Bibi uani nikamsomea. Nilisoma taya, nikasoma shamba, nikasoma mihogo ya Mama, lori, kila kitu. Nilipofika chini, pale uliposema maneno yangu ya Machi, macho yangu yaliruka. Nilisoma, "Mimi nilikuwa mbele yake na nilimsikia," nikakunja karatasi.

Bibi aliomba maji, akanawa uso.

Tangu siku ile alibadilika kwako, lakini kwangu hakubadilika. Wewe hakukutaja tena. Mimi aliniita mateka wake kama zamani, akanicheka ninavyotwanga, akaniuliza kama huko kwetu mchi hushikwa kwa miguu. Ukimsikia ungesema mwanamke huyu anapona. Na kila alipofungua mdomo kunitania mimi niliungua, Mfaume. Utani ule nilikuwa naula kwa wizi. Wewe umebeba mzigo wa watu wawili, na mimi nakaa jikoni natukanwa kwa mapenzi kama mtu asiye na kosa.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilimchukulia kigoda, nikaenda kukaa chini mbele yake, nikamwambia, "Bibi, kuna mstari sikuusoma." Nikamwambia nilivyoandika mwezi wa Machi. *Akilala siku ya jembe usimwandike.* Nikamwambia kalamu ilikuwa yangu na wewe ulinitii mimi dada yako. Nililia mpaka nikashika miguu yake. Nilitamani anipige, anifukuze, aniambie Wazaramo mmeniua.

Alinishika bega akaniinua. Akasema, "Inuka, mama. Utachafua nguo."

*Mama*. Miaka sita sijawahi kuitwa mama na Bibi Nyamizi.

Basi sasa ndivyo tunavyoishi. Asubuhi ananiuliza nimeamkaje, anangoja nijibu. Nikimpa chakula anasema asante. Juzi uji uliungua mpaka moshi ukatoka mlangoni, nikampelekea hivyo hivyo kwa makusudi, nikasimama nikimngoja. Aliunywa wote. Akasema, "Umepika vizuri, Mungu akubariki." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia pale pale alipolia shemeji yako. Majirani wanasema Bibi amekuwa mtu mzuri siku hizi, amepoa. Hawajui.

Uliandika zamani kwamba ukimaliza chuo utaomba kazi huku Tabora. Nilimwuliza. Alisema, "Aje. Atandikiwe kitanda cha mgeni, achinjiwe kuku, asikose kitu." Sikujua nikujibu nini, ndiyo sababu nyingine ya kuchelewa. Amua mwenyewe.

Nilimwambia jana kwamba leo nakuandikia, nikamwuliza kama ana neno. Nilikaa na kalamu mkononi, nangoja. Alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama zamani, nikasema moyoni, linakuja, Mungu wangu, linakuja. Kisha akaniambia niandike, nami naandika kama alivyosema, sijatia wala kutoa:

"Mwambie namsalimu sana. Mwambie namshukuru kwa kumzika mjukuu wangu."

Nilimwuliza kama kuna jingine. Akasema hapana, mama, ni hayo tu.

Dada yako,
Tunu